Darubini ya bunduki inapokupasua nyusi: soma dalili kabla ya kununua nyingine

Alama yake haifichiki. Ni mpasuko uliopinda juu ya nyusi, umechongwa na ukingo wa chuma wa darubini. Msimu wa uwindaji Tanzania ukifunguliwa mwezi Julai, picha za namna hiyo huanza kuniingilia kwenye simu hapa Malindi. Zinatoka kwa vijana wa pwani walioajiriwa kambini huko: madereva, wapishi, wasoma nyayo. Mimi ni fundi wa lenzi, siku nyingi nashinda na miwani za wazee na darubini za manahodha zilizoingia chumvi. Lakini lenzi ni lenzi, na swali linaloandamana na picha huwa lile lile: "Ami, tajiri anataka darubini nyingine. Ipi haipigi?"

Kabla sijataja darubini yoyote, huuliza alikuwa amekaa vipi alipofyatua. Mara nyingi darubini ile ile, ikisogezwa mbele sentimita moja na nusu, huacha kupiga. Iliwekwa mahali pake dukani, mtu kasimama wima kwenye sakafu ya vigae, kisha ikaja kutumiwa na mtu aliyelala kifudifudi au aliyechutama nyuma ya kichuguu.

Kwetu Kenya uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo haya yanawahusu zaidi wanaofanya kazi ng'ambo ya mpaka, na maofisa wachache wanaobeba bunduki kubwa kwa kazi. Bunduki yenyewe ni ya mwenye leseni na fundi mwenye leseni. Na kila jaribio nitakalolieleza hufanywa na bunduki tupu: magazini imetolewa, chemba imetazamwa kwa macho na kuguswa kwa kidole. Ikiwezekana toa bolti kabisa, kile chuma cha kusukuma nyuma na mbele kinachofunga chemba, uiweke mbali.

Nafasi inayogombaniwa

Kati ya lenzi ya nyuma ya darubini na jicho lako pana nafasi fulani ambapo picha hujaa duara zima bila kivuli. Hapa nitaiita umbali wa jicho. Darubini nyingi za kuwindia hutoa milimita 75 hadi 95. Kwa bunduki ya .30-06 hiyo yatosha (namba za namna hii ni majina ya aina za risasi, na hiyo ni ya kawaida, si nzito). Kwa .375 H&H na zilizo juu yake mimi nataka milimita 100, na chini ya 90 nasema hapana hata kama bei ni ya kutupa.

Sababu ni hesabu. Bunduki ya .30-06 yenye kilo 3.6 humpiga mtu teke la karibu jouli 27. Ile ya .375 H&H yenye kilo 4 hivi, ikirusha risasi ya gramu 19, hufika kwenye jouli 53. Na .458 Winchester Magnum ya uzito huohuo, yenye risasi ya gramu 32, hupita 80. Bunduki ya .375 huanza safari ya kuelekea begani kwa kasi ya karibu mita 5 kwa sekunde. Bega husukumwa pamoja nayo. Kichwa, kwa kuwa kimeshikwa na shingo tu, hubaki pale pale kwa muda mfupi, na darubini hukifuata kilipo. Mtu huhitaji kama sehemu ya tano ya sekunde kuitikia jambo lolote, na kufikia hapo mchezo umekwisha. Anayejisifu kwamba yeye "huwahi kurudisha kichwa" anajidanganya, au hajawahi kushika .458.

Jambo jingine ambalo karatasi ya kwenye boksi haisemi: kipimo cha mtengenezaji huanzia kwenye kioo cha lenzi. Kwenye darubini nyingi kioo hicho kimekaa ndani kidogo, na ukingo wa chuma umetokeza nyuma yake. Chukua rula ya mwanafunzi, pima kutoka kiooni hadi ukingoni, utoe hicho kwenye kipimo cha boksi. Kinachobaki ndicho kinachokulinda. Darubini mbili zenye maandishi ya milimita 90 zinaweza kutofautiana hapo, na nyusi yako haisomi maandishi.

"Ilimpiga risasi ya kwanza tu, kalala kifudifudi"

Hii ndiyo dalili ninayoisikia kuliko zote. Mgeni amefika kambini, anaambiwa apige risasi mbili tatu kwenye karatasi kuhakikisha bunduki haikuvurugika ndegeni. Anatandikiwa turubai, analala, anafyatua, damu.

Mtu akisimama, shingo yake iko wima na shavu linakaa nyuma kidogo kwenye mbao ya bunduki. Akilala, bega linatangulia, shingo inajinyoosha, na kichwa kinasogea mbele, mara nyingi sentimita 2 au zaidi. Kama darubini iliwekwa kwa kusimama na umbali wake wa jicho ni milimita 90, ondoa hizo 20, ondoa na ukingo uliotokeza, uone kimebaki nini. Zaidi ya hapo, mwili uliosimama huyumba nyuma pamoja na teke. Uliolala hauna pa kwenda, kwa hiyo bega hulipokea lote kwa ghafla.

Tiba ya haraka ni kuacha kulala. Bunduki ya nyati haina sababu ya kupigwa kifudifudi, kwani mbogo hapigwi kwa mita 300. Kambi nzuri huhakikisha shabaha kwa kusimama nyuma ya fimbo za miguu mitatu za kuegemeza bunduki, au kwenye meza ndefu inayomruhusu mtu kukaa wima, na mfuko wa mchanga kati ya kitako na bega.

Tiba ya kudumu ni kuiweka darubini upya. Legeza pete zinazoishika, isukume mbele mpaka iishie. Kama ukuzaji unabadilika, uweke kwenye namba ya juu kabisa. Sasa mwenye bunduki afumbe macho, aipandishe begani kama anavyoipandisha porini, aweke shavu, kisha afumbue. Ataona picha ndogo iliyozungukwa na weusi. Mtu wa pili airudishe darubini nyuma polepole mpaka picha ijae. Ikijaa tu, simama hapo hapo. Usiongeze hata milimita "ili ikae vizuri", maana hapo ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Weka alama kwa kipande cha utepe wa karatasi. Rudia akiwa amekaa, rudia akiwa kwenye fimbo, na kama lazima, amelala. Utapata alama tofauti. Chagua ile iliyo mbele zaidi ambayo bado inampa picha inayotumika katika mikao yote. Atakaposimama ataona pete nyembamba nyeusi pembeni, na aambiwe aizoee. Kivuli kidogo hakimzuii mtu kulenga.

"Naona weusi, sijui unatoka wapi"

Weusi ni wa aina mbili, na watu huuchanganya. Ukiwa duara sawasawa pande zote na picha imekuwa ndogo katikati, jicho liko mbali mno. Ukiwa kama ukucha upande mmoja, juu, chini, kushoto au kulia, jicho limetoka kwenye mstari. Umbali wenyewe huenda hauna kosa. Halafu kuna hali ya tatu ambapo madoa ya kivuli yanaelea na kuhama kila kichwa kikitikisika. Hapo jicho limekaribia kupita kiasi, na hiyo ndiyo ya hatari kwa sababu mtu huishinda kwa kukodoa na kujikaza badala ya kurudi nyuma.

Jaribu hivi: ukiwa na bunduki tupu begani, sogeza kichwa nyuma polepole bila kuinua shavu. Picha ikitengemaa, ulikuwa karibu mno. Ikizidi kufifia, ulikuwa mbali.

Ukucha wa juu au wa chini mara nyingi unatokana na pete ndefu. Fundi amepandisha darubini juu ili lenzi pana ya mbele isiguse mtutu, na sasa mwenye bunduki hana pa kuweka shavu. Analenga kidevu kikiwa kwenye mbao na kichwa kinaelea hewani. Kichwa kinachoelea hakirudi umbali ule ule mara mbili. Leo milimita 95, kesho 70. Ndiyo maana kwa bunduki nzito napendelea darubini yenye bomba lililonyooka mbele, lenzi ya milimita 20 au 24 isiyo na kichwa kilichovimba, iweze kukaa chini kwenye pete fupi. Kama darubini pana imeshanunuliwa na hairudishiki dukani, ongeza kimo cha mbao kwa mto wa ngozi wa kufunga kamba kwenye kitako. Ni kazi ya fundi viatu, na Malindi hawajaadimika.

"Nikizungusha ukuzaji juu, picha inaniruka"

Kwenye darubini nyingi za ukuzaji unaobadilika, umbali wa jicho haukai sawa. Kwenye namba ndogo unaweza kuwa milimita 105 na kwenye namba kubwa 90. Boksi likiandika vipimo viwili, kama 105–90, cha pili ndicho cha kununulia. Likiandika kimoja tu, usidhani kwamba hakibadiliki. Jaribu mwenyewe mlangoni pa duka, namba ya chini na ya juu.

Kuna na jambo la mwanga. Nyuma ya kila darubini pana duara dogo la mwanga linalotoka kuja jichoni, na upana wake ni upana wa lenzi ya mbele ukigawanywa kwa ukuzaji. Lenzi ya milimita 24 kwenye mara 4 inakupa duara la milimita 6. Ukiikuza mara 6 unapata milimita 4. Lenzi ya 40 kwenye mara 9, milimita 4 na ushei. Mboni ya jicho la mtu kwenye jua kali hujifunga hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo mchana duara dogo linatosha kuona. Halitoshi kupata picha kwa haraka, maana kadiri duara lilivyo jembamba ndivyo kichwa kinavyolazimika kukaa mahali pamoja bila kuhama. Mtu anayeitafuta picha hunyoosha shingo. Shingo ikinyooka, umbali unakwisha, na mbogo wakati huo hasubiri.

Kwa hiyo mwenye dalili hii mwambie arudishe ukuzaji kwenye 1.5 au 2 na auache hapo. Nyati hupigwa karibu, mara nyingi ndani ya mita 100, ndani ya vichaka ambavyo hata kumwona mzima ni bahati. Sijapata kuelewa mtu anataka mara 12 ya nini. Wauzaji wanaipenda kwa sababu namba kubwa huuzika.

"Imesukumwa mbele mpaka ikagota, na bado iko karibu"

Huu ni ugonjwa wa bunduki ndefu, na huwachanganya hata mafundi wazuri. Risasi ya .375 H&H, iliyotoka mwaka 1912, ina urefu wa milimita 91 kuanzia ncha hadi kitako cha ganda. Mwili wa bunduki lazima uwe mrefu ili bolti ipate nafasi ya kurudi, na sehemu za kufungia pete zinakaa mbalimbali. Darubini kwa upande wake ina kisanduku cha vifundo vya kurekebishia katikati ya bomba, na pete hazipandi juu ya kisanduku hicho. Ikiwa bomba ni fupi, basi darubini husogea mbele mpaka kifundo kigonge pete, halafu basi.

Hapa kubadilisha darubini kwa nyingine yenye milimita 5 zaidi ni kupoteza fedha. Pima kwanza urefu wa bomba tupu mbele na nyuma ya kisanduku cha vifundo, na pima nafasi kati ya pete mbili. Kama tatizo ni pete, zipo zenye shingo iliyopinda zinazopeleka darubini mbele, au reli ndefu inayofungwa juu ya mwili mzima ikakupa vituo vingi vya kuchagua. Reli huongeza kimo, kwa hiyo rudi kwenye habari ya shavu hapo juu.

Angalia pia kitako. Bunduki nyingi za kiwanda zina karibu milimita 345 hadi 355 kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako. Mtu mrefu mwenye mikono mirefu hujikunja kwenye kitako hicho na uso wake unaenda mbele. Kipande cha mpira mnene nyuma ya kitako, milimita 20 au 25, kinamrudisha nyuma kwa kipimo hicho hicho na tena kinapunguza ukali wa teke begani. Kwa fedha yake, sijaona kitu kinachofanya kazi mbili vizuri hivyo.

"Ulaya haikunigusa, huku imenipasua"

Mgeni anaapa bunduki hii hii, darubini hii hii, ameipiga nyumbani tangu Januari bila tatizo. Mwamini, kwa kuwa nyumbani alikuwa amevaa koti la baridi na sweta ndani yake. Huku kavaa shati la pamba lililolowa jasho. Unene ule wote uliokuwa kati ya kitako na bega umeondoka, sentimita 2 hadi 3, na uso wake umesogea mbele kwa kiasi hicho. Mpime upya akiwa na shati alilolivaa, na kama ana mkanda wa risasi au begi linalopita begani, avae na hilo.

"Asubuhi ilikuwa sawa, adhuhuri imekuwa nyeusi"

Picha ilijaa, na baada ya risasi kadhaa pete nyeusi imeanza kuonekana, na shabaha nayo imehama. Darubini imeteleza. Bunduki inaporudi nyuma kwa ghafla, darubini kwa uzito wake inataka kubaki ilipokuwa, kwa hiyo ndani ya pete inasogea mbele. Kadiri ilivyo nzito ndivyo inavyovuta. Ya gramu 300 huvumilia pete za kawaida. Ya gramu 600 juu ya .416 Rigby inahitaji pete pana zenye skurubu nne kila moja.

Mtu asiyejua hufuata picha. Anasogeza kichwa mbele kidogo kila risasi bila kujijua, kisha siku moja mwingine anaazima bunduki, anakaza pete, anairudisha darubini nyuma "mahali pake", na yule wa kwanza akirudi na mazoea yake ya shingo ndefu anapasuliwa.

Toa darubini. Futa pete na bomba kwa spiriti mpaka mafuta yaishe kabisa; kuna watu hupaka grisi humo kuzuia kutu, na huko ni kualika mtelezo. Funga skurubu kwa zamu, kidogo kidogo, kulia na kushoto, pengo la pande mbili likiwa sawa. Nguvu ya kukaza iwe ile iliyoandikwa na mtengenezaji wa pete. Nyingi huwa karibu niutoni-mita 2, na hiyo ni ndogo kuliko mkono wa mtu mwenye bisibisi ndefu unavyodhani. Ukikaza kupita kiasi unaliminya bomba, na ndani yake lenzi zinazobadilisha ukuzaji zinaanza kukwama. Skurubu za reli, zile zinazoingia kwenye mwili wa bunduki, zipate tone la gundi ya skurubu. Kisha chora mstari mwembamba wa kalamu ya kutia alama pale bomba linapokutana na pete. Mstari ukiachana, unajua kabla ya nyusi kujua.

Ikiwa mstari haujaachana na shabaha bado inahama kila risasi, ubovu uko ndani: springi zinazoushikilia msalaba wa kulengea zimechoka. Darubini za bei ya chini zinazouzwa kwa bunduki ndogo hufa hivyo zikifungwa kwenye .458. Hakuna la kutengeneza hapo, na hata mimi fundi nakuambia usinilipe.

Mwenye miwani

Kioo cha miwani hukaa kama milimita 12 hadi 14 mbele ya jicho, kwa hiyo nafasi hiyo imeshaliwa kabla hujaanza. Kwa mwenye miwani na .375, milimita 100 ni za lazima. Afadhali lenzi za plastiki ngumu kuliko kioo, na fremu isiyo na daraja la chuma juu ya pua. Wazee kadhaa wamewahi kuniuliza kama wanaweza kuvua miwani na kurekebisha uwazi kwa pete ya nyuma ya darubini. Kwa asiyeona mbali au karibu, ndiyo, pete ile imewekwa kwa ajili hiyo. Kwa mwenye mkunjo wa jicho (astigmatizimu), haitamsaidia. Na akishavua miwani, atamwonaje mnyama kabla ya kuinua bunduki?

Kwa nini wasitengeneze tu yenye umbali mkubwa?

Zipo. Kuna darubini za kufungwa mbele juu ya mtutu, zenye umbali wa jicho wa milimita 230 hadi 250, aina iliyopendekezwa na Mmarekani Jeff Cooper kwa bunduki nyepesi ya matembezi. Kwa hizo, kupigwa nyusi hakupo kabisa. Malipo yake ni upana wa unachokiona. Chukua lenzi ya nyuma yenye upana wa milimita 36 na ukuzaji wa mara 2.5. Jicho likiwa milimita 90 nyuma yake, utaona upana wa karibu mita 16 kwenye umbali wa mita 100. Jicho likiwa milimita 250, upana huo unashuka hadi chini kidogo ya mita 6. Ni kuchungulia kwenye tundu la mlango. Isitoshe, jua likiwa nyuma yako linaingia kwenye ile nafasi kubwa kati ya jicho na lenzi, na unaona uso wako mwenyewe kwenye kioo.

Lakini tazama katikati ya hesabu hiyo. Kutoka milimita 90 kwenda 100 unapoteza kama mita moja na nusu tu ya upana, mita 16 zinakuwa 14 na nusu hivi. Sentimita moja ya usalama kwa bei hiyo ni rahisi mno, na ndiyo maana nang'ang'ania 100. Anayekuuzia darubini ya milimita 80 kwa sababu "ina picha pana kama sinema" amekuambia ukweli, ila hajakwambia upana ule umetoka wapi.

Kwa hiyo Ami anapoulizwa ipi haipigi, jibu linakuwa refu kidogo: ukuzaji wa mara 1 hadi 4, au 1.5 hadi 5, au 1 hadi 6 kwa mwenye uwezo. Bomba lililonyooka mbele. Umbali wa jicho wa milimita 100 usioshuka sana kwenye namba ya juu. Uzito usiopita gramu 500. Bomba tupu la kutosha kwa pete za bunduki ndefu. Mwenye fedha kidogo achukue ya ukuzaji usiobadilika, mara 2.5 au 4. Ina vipande vichache ndani vya kulegea, na umbali wake wa jicho hauhami. Pete ya mpira laini ya kuvalisha ukingoni sina ugomvi nayo, hupunguza ukali wa mpasuko, ila ina unene wake na unene huo unatoka kwenye nafasi ile ile. Na mwenye bunduki ya mitutu miwili, .470 au kama hiyo, anayewinda ndovu kwa hatua ishirini, mwache na alama zake za chuma za kulengea. Hahitaji darubini yoyote.

Wazee wa Kiwaata wa upande wa Galana waliangusha ndovu kwa upinde na mshale wa sumu, upinde mzito kuvuta kuliko wengi wetu tunavyoweza. Sijawahi kusikia uliompasua mtu nyusi.

Aliyekwisha kupigwa

Kidonda cha nyusi hutoka damu nyingi kuliko ukubwa wake. Kandamiza kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia. Kikiwa wazi kinahitaji nyuzi, na sindano ya pepopunda kama hajachomwa karibuni. Akiona viwili viwili, akitapika, akiwa na ukungu jichoni au madoa yanayoelea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata kama kambi iko mbali.

Na asipige tena siku hiyo. Aliyepigwa usoni hufumba macho kabla ya kufyatua na huinua kichwa kutoka kwenye mbao, na hivyo ndivyo anavyopigwa mara ya pili. Mrudishe kwa bunduki ndogo, .22 ikiwezekana, apige mpaka shavu litulie. Kisha mwekee bunduki yake kubwa ikiwa tupu kwenye fimbo za miguu mitatu, akiwa na shati lake la porini, na umpime upya kwa ile njia ya kufumba macho.

Ukiirudisha darubini huku pwani baada ya msimu, usiihifadhi kwenye mfuko wake wa ngozi. Upepo wa kusi una unyevu wa kutosha kuotesha kuvu juu ya utando uliopakwa kwenye lenzi, na chumvi hula skurubu za pete mpaka hazifunguki. Iweke kwenye kopo la plastiki linaloziba, na vifuko vya kukausha ndani yake, na skurubu zifutwe kwa mafuta mepesi upande wa nje tu. Ukungu ukionekana ndani ya kioo na hautoki kwa kitambaa, muhuri umevuja na gesi iliyojazwa kiwandani imetoka. Usiifungue kwa bisibisi ya nyumbani. Hapo ndipo uje Malindi.